Ndege Juu ya Bati, Panya Chini Yake

Baba yangu aliwagawa waimbaji wote wa dunia katika makundi mawili: ndege na panya. Kundi la tatu halikuwapo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha kwaya ya parokia yetu hapa mtaani Katuba, na kila aliyesimama mbele yake, awe muuza makaa au mwalimu wa shule, alijua kwamba siku moja ataambiwa yuko upande gani.

Ndege huyo alikuwa wa kweli. Ni yule mdogo, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu usiotulia. Anatembea uani kwa hatua fupi fupi kama karani aliyechelewa kazini, kisha anaruka juu ya bati na kuimba. Kwetu tulimwita kandege, basi, kana kwamba wengine hawako. Hakuna mtu wa mtaa wetu anayemrushia jiwe, kwa sababu wazee wanasema nyumba anayoihama haikosi kilio. Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumatano na Jumamosi jioni, nje, pembeni ya kanisa. Ndege akianza kuimba juu ya paa, baba aliinua mkono na kwaya nzima ikanyamaza.

"Musikie," alisema. "Kale kandege ni kadogo kuliko ngumi yangu. Hakapigi makelele, hakakazi shingo. Lakini sauti yake inafika mpaka ku barabara. Njo vile soprano anapashwa kuimba."

Kisha alimgeukia yule aliyekuwa amekosea, na sisi wengine tukaanza kuangalia viatu vyetu.

"Lakini mwenye kuimba mu meno, kre-kre-kre, ule ni panya wa ku plafond. Haimbi. Anatafuna wimbo."

Plafond ndilo dari letu la mbao nyembamba, lililopigiliwa misumari chini ya bati. Katikati ya bati na mbao hizo ndipo panya wa Katuba wanapooana na kuzaa bila kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Kila mwanakwaya alikuwa na panya wake nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa tusi lile.

Mimi nilikuwa panya mpaka nilipofika miaka kumi na minne. Kuwa binti wa mwalimu hakukunisaidia kitu. Halafu jioni moja baba alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake na kusema, "Leo mama umekuwa ndege." Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Siku ile naikumbuka kuliko komunyo yangu ya kwanza, Mungu anisamehe.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye mvi za kuficha chini ya kitambaa. Ninashona nguo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, maana umeme wa mtaa wetu unaondoka bila kuaga, na nilikuwa nimeiweka barazani ambako kuna mwanga. Mama alipofariki, baba alihamia kwangu. Alikuja na sanduku moja, kiti chake, madaftari ya nyimbo, na diapazoni, yaani kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinakupa sauti ya kuanzia wimbo. Alikirithi kwa mwalimu aliyemtangulia, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika.

Ni lazima nieleze kwaya ilikuwa nini kwake. Maisha yake ya kazi yalipita katika karakana ya reli, kati ya nyundo na mabati mazito, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Mke alikuwa amemzika. Rafiki zake wengi tuliwaimbia misa za mazishi, yeye mwenyewe akiongoza. Kilichobaki ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo alinyoa ndevu, akapaka viatu rangi na kutoka nyumbani saa nzima kabla ya wakati. Mtu akimnyang'anya kwaya, nilijiambia mara nyingi, hatakuwa amemwachia kitu.

Basi, katika dari la chumba chake kulikuwa na panya. Si panya wa aibu anayengoja watu walale. Huyu alianza kazi saa nane mchana, baba akiwa amejinyoosha kitandani baada ya bukari, ugali wetu wa mchana, na alitafuna mbao kwa bidii ya fundi mwenye mkataba. Hilo ningelivumilia. Lakini alikuwa akishuka ukutani mpaka kwenye kapu langu la vitambaa, na siku moja alitoboa bega la nguo ya mama mmoja wa kule Golf kwa wenye pesa, kikwembe, yaani kitenge kizuri ambacho sikuwa na kipande chake kingine. Nilishona ua la uzi juu ya tundu, nikalikuza, nikaliongezea majani. Yule mama alipokuja alilipenda sana, akataka nimfanyie na bega la pili. Nilishona ua la pili huku nikimtukana panya kwa Kiluba, lugha ninayoitunza kwa shughuli hiyo.

Jioni ile nilimwambia baba kwamba nitanunua dawa.

"Ule panya umuache," alisema.

"Papa! Weye njo unasema vile?"

"Umuache, mama. Ananifanyia compagnie."

Panya awe mwenzi wake! Nilicheka. Mtu aliyelitumia jina la panya kuwaliza wanakwaya maisha yake yote sasa anaomba msamaha kwa niaba yake! Nikasema moyoni kwamba huu ni uzee. Nilipaswa kuuliza. Hasira zangu zina mwendo wa haraka kuliko maswali yangu, na hilo limeniponza si mara moja.

Muuza dawa ya panya anapita mtaani kwetu na fimbo begani, panya wakavu wananing'inia kwenye fimbo kwa mikia, ndilo tangazo lake. Nilimwita. Jumatano, baba alipokwenda mazoezini na mimi nikabaki kwa kisingizio cha kazi nyingi, nilipanda juu ya meza, nikasogeza ubao mmoja wa dari na kuweka vichwa vya ndagala, dagaa wetu wakavu, vilivyochanganywa na ile dawa. Siku ya pili kulinyamaza. Siku ya tatu harufu ilinionyesha mahali. Nikamtoa kwa mfuko, nikamzika nyuma ya choo, nikanawa mikono mara mbili na kunywa chai kwa furaha. Baba sikumwambia kitu.

Kuanzia hapo alianza kuhangaika. Usingizi wa mchana ulimwacha. Alitoka chumbani, akakaa uani kwenye kiti chake, akarudi ndani, akatoka tena.

"Nyumba imekufa," aliniambia.

"Imepumzika, Papa."

Akarudi chumbani, na mimi nikaendelea kushona.

Asubuhi moja, baada ya kama juma moja, nilikuwa nateka maji kwenye pipa. Baba alikuwa ameketi karibu na ukuta. Ndege akaja akatua juu ya ukuta, mbele yake kabisa, hatua mbili tu kutoka usoni pake, akainua kichwa na kuimba. Aliimba vizuri siku ile. Koo lake lilikuwa likitetemeka, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka. Baba alimtazama muda mrefu kwa uso wa huruma.

"Mama," akaniuliza, "kale kandege kako na ugonjwa gani? Siku hizi kanafungua kinywa tu. Hakaimbi tena."

Niliweka ndoo chini. Niliogopa, nasema kweli, kuliko siku walipokuja kuniambia kwamba mama amelazwa. Ndege alikuwa bado anaimba kati yetu wawili.

"Labda kamechoka, Papa," nikasema.

Hapo ndipo kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani mwangu. Nyundo za karakana zilikuwa zimemharibu masikio pole pole, miaka yote ile, zikianzia juu. Sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka: ndege, birika linalochemka, watoto wa jirani wanaoimba wakiruka kamba. Sauti nzito zilikuwa zimebaki: lori barabarani, ngoma, mchi kwenye kinu. Na mbao inayotafunwa juu ya kitanda chake. Ndege ambaye baba alimpenda alikuwa amemkimbia, na panya ambaye baba alimdharau ndiye aliyekaa naye. Na mimi nilikuwa nimemuua.

Sopranos tuko juu, karibu na ndege. Nikahesabu siku. Sikukuu ya parokia ilikuwa imebakiza majuma mawili, na baba ndiye atakayeongoza, mbele ya watu wote, nyimbo ambazo nusu yake haisikii.

Nilikwenda kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeimba alto nasi, mwanamke mpole mwenye sikio kali kuliko sisi wote. Nilimkuta darasani akifuta ubao. Nilieleza kama mtu anayeshitaki ndugu yake.

"Ya mama, dada yangu," aliniambia, "sisi bote tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu Paska. Hatukukuambia juu weye ni mutoto wake. Na tena uko na hasira."

Akanieleza walichofanya. Walikuwa wameona kwamba baba anasikia vizuri wimbo ukiwa chini. Basi wakaanza kuushusha. Baba alitoa sauti kwa diapazoni, na kwaya, badala ya kuipokea, ilianza chini yake kidogo. Kidogo sana wakati wa Pasaka, kisha kidogo zaidi, kila mwezi hatua moja, ili sopranos washuke mpaka mahali masikio yake yanapofika. Ndiyo maana koo langu halikuwa likichoka miezi hiyo! Nilidhani nimekomaa. Kumbe nilikuwa nateremka ngazi pamoja na wengine bila kujua. Walioumia ni wale wa bass. Fundi viatu, bass wetu wa mwisho kabisa, alikuwa ameanza kuimba kama mtu anayeburuta gunia la mahindi sakafuni.

"Kwa nini hamukumuambia?"

"Nani atamuambia? Sikio halipiti kichwa."

Na kweli ndivyo tulivyo. Mwalimu wa kwaya hakosolewi mbele ya kwaya, wala nyuma yake. Akikosea, tunakosea naye, pamoja, kwa sauti nne. Mimi mwenye mdomo unaoogopwa mtaa mzima nilirudi nyumbani nimeufunga, na mazoezi yaliyofuata nilishusha sauti yangu kama wenzangu. Niliona aibu nikiimba, lakini niliimba.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Jumamosi, kesho yake sikukuu. Baba alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi. Alisimama mbele yetu, akagonga diapazoni kwenye goti, akaileta sikioni, akaimba ile sauti kwa mdomo uliofungwa. Ilikuwa sawa kabisa. Tukaanza wimbo wa kuingia, chini yake, kama kawaida yetu mpya. Tulifika mstari wa pili, akainua mkono.

Alikigonga kile chuma tena. Safari hii hakukileta sikioni. Alikibana shina kwa meno, sauti impitie mifupani, akafumba macho, na akakaa hivyo mpaka watoto walioketi juu ya ukuta wakaacha kuchezacheza. Kisha akakitoa na kukifuta kwa leso.

"Mumeshusha," alisema.

Akatupitishia macho mstari kwa mstari.

"Tangu lini?"

Tuliangalia viatu vyetu, watu wazima thelathini na kitu, wengine na wajukuu. Mwishowe fundi viatu alishindwa kuvumilia.

"Tangu Paska, maître. Utusamehe. Lakini miye, koo inaisha."

Watu wakacheka, wakajizuia. Baba hakucheka wala hakukasirika.

"Musikie," alisema, kama zamani. "Miaka yote nasema, musiimbe kama panya. Sasa mwalimu wenu anasikia panya tu. Kandege kako pale juu, minakaona, kanafungua kinywa. Sikasikii tena. Nilisema ni kenyewe kagonjwa. Hapana. Ni miye."

Alto mmoja alianza kulia, baba akamwonyesha kwa kidole anyamaze.

"Lakini munashusha wimbo juu ya masikio ya muntu moja? Nani alibafundisha vile? Si miye. Kandege hakashuki chini juu muntu moja ni kiziwi. Kanaimba pale pale pake. Mwenye masikio asikie."

Akanyoosha mkono wenye diapazoni. Ninakiri kwamba nilitoa mguu mbele. Nilikuwa binti yake, soprano wa kwanza, na nilidhani chuma kile ni changu. Alinitazama, na nikaona kicheko kidogo pembeni ya mdomo.

"Weye mama, unaimba kama ndege. Lakini hasira yako ni ya panya. Utabauma bantu."

Kwaya nzima ikalipuka, na mimi nikacheka nao huku machozi yakinishuka mpaka kidevuni. Chuma alimpa mwalimu wa shule, yule wa alto. Kisha akatembea taratibu, akapita mstari wa sopranos, akapita tenors, akakaa kwenye benchi la bass karibu na fundi viatu, akaweka kiganja juu ya ubao wa benchi. Mwalimu wa shule aligonga diapazoni. Tukaimba mahali wimbo unapokaa. Koo liliniuma, na sikumbuki kuwahi kufurahia maumivu namna ile.

Sikukuu ilikwenda vizuri. Watu walisema kwaya imepata nguvu mpya, wakamsifu baba, naye akawaelekeza kwa yule mwalimu wa shule. Lakini Jumatatu hakutoka chumbani mpaka saa tano. Jumatano hakunyoa. Niliposema tutachelewa mazoezini alijibu kwamba bass wako wa kutosha. Alikaa kitandani akiangalia dari.

Nilikaa pembeni ya kitanda.

"Papa, ule panya, ni miye nilimuua."

"Minajua. Kichwa moja ya ndagala ilianguka hapa ku mto."

Nilikuwa nimeweka sumu juu ya kichwa cha baba yangu, na yeye akaiokota, akaitupa, akanyamaza.

"Ulikuwa na haki," akasema. "Alikula kikwembe ya wenyewe. Lakini mchana, pale juu, alikuwa anafanya kazi yake, na miye nilikuwa namusikia. Nilijua kama mu nyumba kungali muntu."

Asubuhi iliyofuata nilimwita fundi viatu, tukaibeba cherehani kutoka barazani. Tuliiingiza ndani, kwenye korido yenye giza, na nikaisukuma mpaka ubao wake ukagusa ukuta wa chumba cha baba. Fundi viatu aliuliza kama nimekosa akili, kuhama mwanga na kwenda gizani na macho haya. Nilimwambia ashike upande wake.

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Baada ya bukari baba alijinyoosha, nikaanza kukanyaga. Chuma kiliguruma, ubao ukaupiga ukuta, ukuta ukapokea. Mshono wa kwanza, hakuna kitu. Mshono wa pili nikasikia upande wa pili sauti nzito, ya chini, ikifuata mwendo wa mguu wangu. Alikuwa anaimba bass ya ule wimbo wa kuingia. Nikashona sare nne bila kuinua kichwa. Juu ya bati ndege naye alikuwa na lake, na mimi peke yangu niliwasikia wote wawili.

Nilipomaliza sare ya mwisho nikasimamisha gurudumu na kukata uzi. Sauti ya upande wa pili ikakatika. Kisha baba akagonga ukuta mara mbili.

"Mama! Panya yangu imeenda wapi?"

Kazi ya siku ile ilikuwa imekwisha. Nikachomoa uzi kwenye sindano, nikaendelea kukanyaga cherehani tupu, bila kitambaa.